Ramani ya mafuriko Houston: kabla hujasaini mkopo wa nyumba, pita hapa

#1 MzeeWaBayou

Salaam wakuu.

Wiki hizi nimeona humu watu watatu wanaulizia nyumba za Houston, na wote wameandika sentensi moja: "dalali kasema haiko kwenye eneo la mafuriko." Hiyo hiyo niliambiwa mimi mwaka 2015. Nikafurahi, bima ya mafuriko nikaifuta kwenye hesabu, hela nikanunulia makochi. Agosti 2017 kikaja kimbunga Harvey. Makochi yale nilikuja kuyabeba mwenyewe hadi barabarani, yamelowa na yananuka, nikayarundika mbele ya nyumba kama alivyofanya jirani na jirani wa jirani. Maji ndani yalifika kama sentimita 40. Bima ya kawaida ya nyumba nilikuwa nayo, nikawapigia. Wakanijibu kwa upole kabisa kwamba maji yanayopanda kutoka nje hayamo kwenye mkataba.

Mimi si mtu wa bima, ni dereva wa lori. Ila tangu siku ile nimekaa na hizi ramani usiku mwingi, na nataka niwaeleze ninavyozielewa. Mwenye utaalamu anisahihishe.

Tuanze na ramani yenyewe ni ya nani. Marekani ilianzisha mpango wa taifa wa bima ya mafuriko mwaka 1968, kwa sababu kampuni binafsi zilikuwa zimekimbia biashara hiyo. Watu hawakujiunga. Mwaka 1973 ikapitishwa sheria nyingine: nyumba ikiwa kwenye eneo la hatari na mkopo wake umeshikwa na benki iliyo chini ya usimamizi wa serikali kuu au una dhamana ya serikali, basi bima ya mafuriko ni lazima. Sasa ukishasema "eneo la hatari" lazima uchore mstari, hatari ianzie hapa iishie pale. Mstari huo ndio ramani ya FEMA, shirika la serikali kuu linaloshughulikia maafa. Ndani ya mstari benki inakulazimisha, nje ya mstari benki inanyamaza. Na benki ikinyamaza, sisi tunasikia "uko salama". Hapo ndipo nilipoumia.

Herufi sasa. Ukiingia msc.fema.gov ukaandika anwani ya nyumba, utapata kipande cha ramani. Zoni zinazoanza na A au V ndizo za lazima. V ni pwani, kule Galveston, ambako maji yanakuja na mawimbi yanayobomoa. A ni huku kwetu kwenye mito na vijito, bayou kama wanavyoviita. Ukiona AE, maana yake wamefanya hesabu wakajua maji yatafika usawa gani, na namba wameiandika. Ukiona A tupu, wanajua maji yatakuja lakini hesabu ya kina haijafanyika, namba hakuna. AH na AO ni maji ya kina kifupi, futi moja hadi tatu. AH yanatuama, AO yanatiririka juu ya ardhi kama shuka. D hawajachunguza kabisa. X ni yote yaliyobaki, na ina sura mbili ambazo dalali hatakutofautishia: X yenye kivuli, ambayo kwenye ramani ya kompyuta inatoka rangi ya chungwa, na X nyeupe. Ile ya kivuli si salama hata kidogo. Yangu ilikuwa hiyo.

Mistari myekundu ya mshazari juu ya bluu ni njia kuu ya maji, sehemu ambayo bayou lazima iachiwe ipite. Nyumba ikiwa humo, funga kompyuta, tafuta nyingine.

Mstari wa zoni A na V unawakilisha mafuriko yenye nafasi ya asilimia 1 ya kutokea katika mwaka wowote. Wamarekani wanayaita ya miaka 100, na jina hilo limeponza watu wengi kuliko maji yenyewe. Nitarudi hapo mtu akiuliza, maana najua litaulizwa.

Kuhusu bei: zoni X bima ni rahisi kwa sababu ramani inasema hatari ni ndogo. Kwa hiyo kama uko X, nunua, hutaumia.

Karibuni.

#2 DadaTanga

Mzee asante sana, uzi huu umekuja wakati wake. Niko kwenye hatua za mwisho za kununua nyumba kusini-magharibi mwa jiji. Benki imenitumia karatasi inasema zoni AE, EL 58. Muuzaji ameleta cheti cha mwinuko kinasema sakafu iko 59.1. Si ina maana niko juu ya maji? Kwa nini wananilazimisha bima? Nimeambiwa kuna barua ya FEMA inaitwa LOMA inayokutoa kwenye eneo la hatari. Naipataje?

#3 Msee_wa_Katy

Boss, hii bima ni kuchoma pesa tu. Nimekaa Katy miaka kumi na moja, tone la maji halijaingia kwa nyumba. Na mafuriko yakikuja FEMA si wako? Serikali inalipa watu. Wacheni kutishana.

#4 Mtoto wa Kivu

Jambo wandugu. Miye niko hapa Houston tangu miaka sita, tulitoka kambini na famille. Sina nyumba, napanga apartema ya chini. Hii mambo ya ramani inaniangalia na miye ao ni ya wenye nyumba tu?

#5 MzeeWaBayou

Msee wa Katy, nianze na wewe maana ulichoandika ndicho nilichokuwa nasema 2016.

Msaada wa FEMA baada ya maafa ni kitu kingine kabisa na bima. Kwanza rais lazima atangaze maafa kwa eneo lenu. Mvua ikizamisha mitaa minne tu, hakuna anayetangaza kitu. Pili, ni hela ya kukushika mkono usilale nje, haijengi nyumba upya. Mimi nilipata kiasi kilichotosha kuondoa mbao za ukuta zilizolowa na kulipia chumba wiki kadhaa. Yaliyobaki nilielekezwa kwenye mkopo wa serikali wa riba nafuu, na mkopo ni mkopo, ninaulipa hadi leo. Mwenye bima anaweza kulipwa hadi dola 250,000 za jengo na 100,000 za vitu vya ndani, iwe rais ametangaza au hajatangaza.

Na Katy, ndugu yangu, usiitaje kwa sauti. Una uhakika nyumba yako haiko nyuma ya bwawa la Barker? Addicks na Barker yalijengwa miaka ya 1940 kuilinda katikati ya jiji, baada ya mafuriko ya 1929 na 1935. Si mabwawa ya maji ya kunywa. Siku za kawaida ni nyasi na miti, watu wanatembeza mbwa. Mvua kubwa ikija milango inafungwa na maji yanajikusanya kurudi nyuma. Serikali ilinunua ardhi hadi usawa fulani tu. Juu ya usawa huo, lakini bado ndani ya tumbo la bwawa, watu wakajenga vitongoji. Harvey alipokuja bwawa likajaa kupita ardhi ya serikali, likaingia sebuleni kwa watu. Nyumba nyingi kati ya hizo ramani ya FEMA ilizionyesha nje ya eneo la hatari, kwa sababu ramani ile ilihesabu maji ya bayou, haikuhesabu maji yanayorudishwa na bwawa. Kesi ikaenda mahakamani na Desemba 2019 jaji akasema serikali inawajibika. Miaka kumi na moja bila tone ni jambo la kushukuru. Wale nao walikuwa wameshukuru miaka mingi.

#6 Kipimo

Habari zenu. Nimefanya kazi miaka minne nikimshikia mpima ardhi fimbo hapa Harris County, kwa hiyo vyeti vya mwinuko nimevibeba vingi. Mzee umeandika vizuri, ila mambo mawili nikurekebishe.

La kwanza, bei. Ulichosema ni cha zamani. Kuanzia Oktoba 2021 kwa mikataba mipya, na Aprili 2022 kwa inayohuishwa, NFIP, ule mpango wa taifa wa bima ya mafuriko, wamebadilisha hesabu, wanaita Risk Rating 2.0. Zoni haipangi bei tena. Wanaangalia nyumba yako iko umbali gani na maji, sakafu ya kwanza imeinuka kiasi gani, msingi ni wa aina gani, itagharimu kiasi gani kuijenga upya. Nyumba mbili zinazotazamana, moja AE nyingine X, zinaweza kulipa ada zinazokaribiana. Na X iliyo karibu na bayou inaweza kulipa zaidi ya AE iliyoinuliwa juu. Kwa hiyo usimwambie mtu "uko X, ni rahisi". Mwambie apige simu apewe bei.

Zoni imebaki na kazi mbili: kuamua kama benki ikulazimishe, na kuamua sheria za ujenzi.

La pili ni la DadaTanga. Dada, umesoma namba sahihi mahali pasipo sahihi. EL 58 ni usawa wa maji ya asilimia 1, futi 58 kutoka usawa wa kupimia. Sakafu yako 59.1 iko juu yake futi 1.1, hilo ni jema na litakusaidia kwenye bei. Lakini LOMA haiangalii sakafu. Inaangalia udongo. Wanachukua sehemu ya chini kabisa ya ardhi inayogusa nyumba, mahali popote kuizunguka, na hiyo lazima iwe 58 au zaidi. Cheti chako kina mstari wake wa ardhi ya chini kabisa inayogusa jengo. Tafuta namba hiyo utuwekee hapa.

Halafu angalia cheti kimepimwa kutoka usawa gani wa kupimia. Houston inazama. Maji yamevutwa kutoka chini ya ardhi kwa miaka mingi na ardhi imeshuka, sehemu nyingine kwa futi kadhaa. Ramani za Harris County zinatumia usawa wa kupimia unaoitwa NAVD 88, wenye marekebisho ya 2001. Kama cheti ni cha zamani na usawa wake wa kupimia ni mwingine, kulinganisha 59.1 na 58 ni kama kulinganisha shilingi ya Kenya na ya Tanzania.

LOMA yenyewe FEMA hawatozi. Utamlipa mpima tu. Wakishapata karatasi zote wana siku 60 kukujibu. Na ukiipata, benki bado ina haki ya kukudai bima kwa sera yake yenyewe. Wengi huacha, wachache hawaachi.

#7 MzeeWaBayou

Kipimo nimekubali, hilo la bei lilinipita. Nimelipa ada miaka yote hii naona inapanda nikadhani ni wakala tu. Nakumbuka aliniambia haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka.

#8 Kipimo

Kwa nyumba nyingi za kuishi ndiyo, 18 ndio ukomo wa sheria. Hapo ndipo kuna siri ambayo madalali hawasemi. Kama muuzaji ana bima ya NFIP ya miaka mingi na bado analipa chini ya bei kamili, mnunuzi anaweza kuirithi. Inahamishwa kwa jina lako na unaendelea kupanda ngazi kutoka pale alipoishia yeye. Ukianza mkataba mpya unaanza na bei kamili siku hiyo hiyo. DadaTanga, muulize muuzaji.

#9 Bahari_Haichafuki

Niko Dar lakini nafuatilia. Nauliza kama mjinga: mnasema mafuriko ya miaka 100. Shemeji yangu alikaa mtaa unaitwa Meyerland hapo hapo Houston, akapigwa na maji 2015, 2016 na 2017. Miaka 100 gani inakuja kila mwaka? Au ramani ni ya uongo?

#10 MzeeWaBayou

Nilijua utakuja.

Chukua kete za bao. Tafuta mia moja, tisini na tisa nyeupe, moja nyeusi, tia kwenye mfuko. Kila mwaka unaingiza mkono bila kuangalia, unatoa moja, unaiona, *unairudisha*. Kete haijui kama ulishaitoa mwaka jana. Unaweza kutoa nyeusi miaka miwili mfululizo, na unaweza kukaa miaka mia mbili usiione. Hiyo ndiyo asilimia 1 kwa mwaka. Sasa mkopo wa nyumba ni miaka 30, yaani utaingiza mkono mara thelathini. Piga hesabu, nafasi ya kuitoa nyeusi angalau mara moja ni asilimia 26. Mtu mmoja kati ya wanne walio kwenye mstari huo. Na huo ni ukingoni kabisa mwa eneo. Aliye karibu na bayou mfuko wake una kete nyeusi nyingi zaidi, ila ramani inampaka rangi ile ile ya bluu. X yenye kivuli, asilimia 0.2, kwa miaka 30 ni karibu asilimia 6.

Hayo ni kama mfuko wako una kete mia kweli. Nani alizihesabu, na lini? Ramani nyingi za Harris County zina tarehe ya Juni 18, 2007. Zilichorwa upya baada ya dhoruba ya Allison ya 2001, vipande kadhaa vimerekebishwa baadaye. Mwaka 2018 wataalamu wa hali ya hewa wa serikali walitoa hesabu mpya za mvua za Texas. Mvua ya saa 24 yenye nafasi ya asilimia 1, ambayo Houston ilihesabiwa kama inchi 13, sehemu nyingine za jiji ikawa inchi 18. Maana yake mvua ambayo ramani iliita ya nadra ni ya nadra kidogo tu. Ongeza lami na zege, majumba mapya juu ya mbuga zilizokuwa zinanyonya maji. Shemeji yako hakudanganywa na mtu. Alipewa hesabu ya zamani ya mfuko ambao kete zake nyeusi zilikuwa zimeongezeka.

Na kuna maji ambayo ramani haikujaribu hata kuyachora. Inachora bayou na mito ikifurika, na bahari ikipanda. Mvua inayonyesha mtaani kwako, mtaro ukazidiwa, maji yakatafuta mlango wa karibu, hiyo haimo. Huku mvua ya saa mbili inatosha. Baada ya Harvey kaunti ilihesabu nyumba zaidi ya 154,000 zilizoingia maji. Kama theluthi moja tu ndizo zilikuwa ndani ya eneo la asilimia 1. Na asilimia 64 hazikuwa na bima ya mafuriko. Nyingi zilikuwa nje ya mstari, benki ilinyamaza.

#11 Bahari_Haichafuki

Kete za bao nimeelewa. Basi sisi huku tuna afadhali kwa namna moja, ramani yetu haitudanganyi kwa sababu hatuna bima inayoitegemea 😂. Jangwani kila mtu anajua Msimbazi utakuja. Ila tangu 2015 kulikuwa na vijana wa Ramani Huria, wanafunzi na wenyeji, wanatembea kata kwa kata wanachora mitaro na nyumba, wanawauliza watu maji yalifika wapi. Bibi anaonyesha ukutani, "hapa, kitovuni". Wanaandika.

#12 MzeeWaBayou

Hicho cha bibi ndicho ningefanya 2015 kama ningekuwa na akili. Hapa tuna kompyuta zote hizi, lakini taarifa bora niliyopata maishani kuhusu mtaa wangu ilitoka kwa mzee wa Kivietnam anayekaa kona. Alinionyesha mstari kwenye gereji yake wa 2001. Alinionyesha mwezi mmoja *baada* ya Harvey. Sikuwahi kumuuliza kabla.

Mnunuzi wa Texas ana kitu kingine cha kumsaidia. Kuanzia Septemba 1, 2019 muuzaji lazima aandike kwenye fomu kama nyumba imewahi kuingia maji, kama iko eneo la asilimia 1 au 0.2, kwenye njia kuu ya maji, au kwenye tumbo la bwawa. Hilo la bwawa limewekwa kwa sababu ya Addicks na Barker. Fomu hiyo isomeni kabla ya kuangalia jiko na vyumba. Pakiandikwa "sijui" kila mahali, hilo nalo ni jibu.

#13 MzeeWaBayou

Ndugu yangu wa Kivu, samahani nimekuchelewesha. Inakuangalia wewe pia, tena sana, uko ghorofa ya chini.

Bima ya mwenye jengo inalipa jengo lake. Godoro lako, televisheni, nguo za watoto, makaratasi, hayo si yake. Mpangaji anaweza kukata bima ya mafuriko ya vitu vya ndani peke yake, hadi dola 100,000, na si lazima uchukue yote. Ile bima ya mpangaji wanayokudai ofisini kwao unaposaini kwa kawaida haina mafuriko ndani. Isome.

Gari halimo. Gari linalipwa na bima ya gari, ile kubwa inayolipa hadi wizi na mvua ya mawe, siyo ile ya chini ya kumlipa uliyemgonga.

Na tangu Januari 1, 2022 mwenye nyumba Texas lazima akuambie kwa maandishi kama nyumba iko kwenye eneo la asilimia 1 na kama imeingia maji ndani ya miaka mitano iliyopita. Asipokuambia, na vitu vyako vikaharibika sana, sheria inakuruhusu kuvunja mkataba. Ila una siku 30 tu baada ya hasara, usisubiri.

#14 Mtoto wa Kivu

Aksanti sana muzee. Nilisoma mukataba leo usiku na mtoto wangu mukubwa, yeye anajua kiingereza vizuri. Karatasi ya maji iko ndani, nilisaini bila kusoma. Iliandikwa "ndiyo" mahali ya miaka tano. Kesho naenda kuuliza bei ya vitu.

#15 Kipimo

Nenda, na kumbuka kuna kungoja siku 30 tangu unalipa hadi bima ianze kufanya kazi. Kimbunga kikishaonekana Ghuba ya Mexico umechelewa. Anayenunua nyumba kwa mkopo na bima inatakiwa kwa ajili ya mkopo huo hangoji, inaanza siku ya kukamilisha ununuzi.

Jingine ambalo limewaumiza watu niliowapimia: benki inadai bima ya jengo tu. Wakala anakuandikia ya jengo, unasaini, unadhani umemaliza. Maji yanakuja, unalipwa kuta na sakafu, kitanda na friji unaambiwa havimo. Vitu vya ndani unaviomba mwenyewe. Na hata ukiwa navyo, hawalipi hoteli ya kulala wakati nyumba inatengenezwa.

#16 Msee_wa_Katy

Nimeangalia. Sijasema kitu jana nikaingia tu hiyo website. Niko X nyeupe kabisa. Lakini nikatafuta ramani ya bwawa la Barker ya jeshi la wahandisi, wacha nisiseme. Ndani ya fomu ya mwaka nilionunua hakukuwa na swali kama hilo. Nimepiga simu kwa wakala wa bima ananiambia nangoja siku thelathini. Tuko Julai.

#17 MzeeWaBayou

Lipa leo, ndugu. Agosti haijafika.

#18 Kipimo

Na wenye nyumba za zamani zenye sakafu ya chini mjue hili. Ukiingia maji na gharama ya kutengeneza ikafika nusu ya thamani ya jengo au zaidi, jiji linaweza kukukatalia kuirudisha ilivyokuwa. Lazima uiinue kwa sheria ya sasa. Houston tangu Septemba 1, 2018 sheria ya sasa ni futi 2 juu ya usawa wa mafuriko ya asilimia 0.2, siyo ya asilimia 1. Ni juu sana kwa nyumba za miaka ya 1960. Bima ya NFIP ina kifungu kinachoongeza hadi dola 30,000 kwa kazi hiyo ya kuinua. Haitoshi kuinua nyumba nzima iliyojengwa juu ya zege, lakini asiye na bima hana hata hizo.

#19 DadaTanga

Nimerudi na majibu, poleni kwa kimya.

Ardhi ya chini kabisa inayogusa nyumba ni 57.6, ile kona ya kiyoyozi. Yaani LOMA nimeikosa kwa inchi tano hivi. Mpima aliniambia wengine wanamwaga kifusi ili kona ipande. Nikamuuliza Kipimo chemba, akanijibu kifusi kina ombi lake jingine na masharti yake, na kwamba maji nitakayoyasukuma yatakwenda kwa jirani. Nikaachana nayo.

Muuzaji kweli ana bima ya NFIP tangu 2009, amekubali kunihamishia. Nimeomba na vitu vya ndani viongezwe.

Halafu nikafanya kama bibi wa Jangwani. Nilimgongea mama anayekaa ng'ambo ya barabara, yupo mtaa huo tangu miaka ya themanini. Alinionyesha ngazi za barazani kwake. Mwaka 2017 maji yaliishia tofali la pili, anasema alikaa dirishani usiku kucha analihesabu. Mpima alikuwa bado yupo na vyombo vyake, nikamwomba alipime lile tofali. Hakunitoza.

58.3. Ramani inasema 58.

Sakafu yangu iko kama inchi kumi juu ya tofali hilo. Ijumaa napewa funguo.